Kupunga Hewa Lushoto

Mkazi wa Tanga au Dar es Salaam akichoshwa na joto na moshi wa magari husema anakwenda Lushoto kupunga hewa. Kauli hiyo ina historia, na ndani yake limo jambo ambalo wenyeji walilijua mapema.

Karne ya 19 wengi huko Ulaya waliamini kuwa homa huletwa na hewa chafu ya mabwawa. Ndiyo asili ya neno malaria. Kwa Kitaliano ni "hewa mbaya". Wajerumani walipotutawala walitafuta pa kuikimbilia, wakapata milima ya Usambara. Lushoto, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wakaiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, ilibaki kupanda mlima kilometa 33 tu. Walowezi wakajitwalia ardhi, na Msambaa akafanywa kibarua kwenye milima ya babu zake.

Lakini Msambaa hakuilaumu hewa. Daktari Robert Koch, aliyekuwa huku akichunguza malaria mwaka 1898, aliandika kwamba watu wa Usambara waliugua homa kila waliposhuka nyika, na homa hiyo waliiita kwa jina la mdudu aletaye: mbu. Mwaka mmoja nyuma, kule India, Ronald Ross alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobeli. Msambaa hakupewa hata asante.

Basi siri ya Lushoto ilikuwa baridi, ambayo huchelewesha vimelea kukua ndani ya mbu. Na msitu husaidia kuitunza baridi hiyo, pamoja na maji. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, lakini kwingineko miteremko imegeuka mashamba, na mioto ya kusafishia shamba haijakoma.

Mgeni husimama Irente akatazama nyika chini, akasifu hewa. Nyuma yake, mama mwenyeji anapuliza kuni katika jiko lililojaa moshi. Mgeni hupunga hewa siku mbili akaondoka. Mama huyo huivuta mwaka mzima. Tukitaka kuilinda hewa ya Lushoto tuanzie jikoni kwake, na safari hii tumsikilize.