Meza ya Melini, Saa za Bandarini

Agosti 1844, mwandishi Mwingereza William Makepeace Thackeray aliondoka Southampton bila kulipa nauli. Kampuni ya meli ya P&O ilimpa nafasi ya kuzunguka Mediterania hadi Misri, bila shaka ikitumaini ataiandikia mazuri. Kitabu chake kilitoka mwaka 1846, na katikati ya habari za Malta, Athens na Jerusalem alinakili orodha nzima ya mlo wa siku moja melini. Kulikuwa na kondoo wa kuoka, ng'ombe wa kuchemsha, kuku, viazi vya namna mbili, na humohumo pilau, pamoja na wali kwa mchuzi wa bizari. Si ajabu. P&O ilikuwa ikibeba barua na maofisa wa kwenda India, na Thackeray mwenyewe alizaliwa Calcutta.

Hata hivyo, zama hizo mlo wa melini ulikuwa wa kumshikiza abiria mpaka bandari inayofuata. Safari yenyewe ilikuwa nchi kavu. Mwaka 1867 meli ya Quaker City ilitoka New York na watalii waliolipa dola 1,250 kila mmoja, na Mark Twain akiwamo. Walipofika Beirut, yeye na wenzake kadhaa walishuka, wakapanda farasi na kwenda Jerusalem kwa kupitia Damascus, wakaikuta meli Jaffa baada ya wiki tatu hivi. Abiria wa leo akichelewa nusu saa, anabaki gatini na mkoba wake.

Aliyeanza kuzigeuza safari hizi kuwa biashara ya kila mwaka ni Albert Ballin wa kampuni ya HAPAG, Hamburg. Wakati wa baridi abiria wa kuvuka Atlantiki walipungua, na meli kubwa zikawa zinakula gharama bure. Tarehe 22 Januari 1891 aliituma Augusta Victoria kwenda Mediterania na abiria 241 kwa miezi miwili hivi. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyofungua mkahawa wa Ritz ndani ya meli ya Amerika mwaka 1905, ambamo mwenye fedha aliagiza alichotaka na kula saa aliyotaka. Kabla ya hapo wote walikula kwa kengele.

Lakini meli inayonivutia zaidi katika historia hii ni moja ambayo wazee wa Kilindini waliijua kwa kazi nyingine kabisa. Uganda iliundwa Glasgow na kuanza kazi mwaka 1952 chini ya kampuni ya British India. Ilitoka London, ikapita Suez, ikatia nanga Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Beira. Baadaye ukoloni ukaisha, ndege zikaongezeka, na waliokuwa wakikaa baharini wiki nzima na zaidi wakaanza kufika kwa saa chache. Badala ya kuiuza kama chuma chakavu, wenyewe waliipeleka Hamburg mwaka 1967, na mwaka uliofuata ikatoka ikiwa shule inayoelea. Ilichukua wanafunzi 900 hivi, pamoja na watu wazima 300 hivi katika vyumba vya kulipia.

Humo kulikuwa na dunia mbili za kula. Wanafunzi walipanga foleni na sinia mkononi, wakala kwa zamu na kuwapisha wenzao. Upande wa pili, abiria wa vyumba waliketi mezani na kuhudumiwa, na kati ya wahudumu walikuwamo Wagoa waliozoea kazi hiyo tangu enzi za Mombasa. Kabla ya kila bandari wanafunzi walipewa mhadhara juu ya mji watakaouona, kisha wakashushwa kuuona. Sidhani kama utalii wa meli umewahi kuwa na utaratibu wa busara kuliko huo. Aprili 1982, vita vya Falklands vilipozuka, serikali ya Uingereza iliitwaa meli ikiwa safarini. Watoto waliteremshwa Naples, na kule Gibraltar ikageuzwa hospitali.

Meli za sasa zimeinua meza kuliko bandari. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line iliachana na zamu za chakula cha jioni, na wengine wakafuata kwa namna zao: bafe huku, migahawa ya kulipia kule. Na kwa nini meli ing'oe nanga saa kumi na moja jioni, wakati miji ya Mediterania ndiyo kwanza inaamka? Sababu mojawapo ni kwamba kasino na maduka yasiyotozwa ushuru kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini. Abiria anayekula mjini hatumii melini.

Kwa hiyo anayetaka siku tulivu huchagua bandari yake kwa makini. Civitavecchia humtesa: Roma iko mwendo wa saa moja hivi kwa treni, na kurudi vivyo hivyo. Valletta humpa raha. Meli inafunga chini ya kuta za mji wenyewe, lifti ya mita 58 inampandisha hadi bustani ya Upper Barrakka, na saa sita mchana mzinga unalia huku akitazama meli yake kwa chini. Akiona njaa kuna pastizzi, vitafunio vya unga wenye matabaka membamba, ndani jibini laini au njegere, ambavyo mla sambusa hahitaji kufundishwa kuvila. Jioni, akirudi, meza imekwisha kuandaliwa.

Hilo la mwisho ndilo linalowaudhi wenye migahawa wa bandari nyingi: wageni maelfu wanaoshuka wameshiba na kuondoka kabla ya chakula cha jioni. Dubrovnik imejibu kwa kanuni. Meli zisizidi mbili kwa wakati mmoja, na kila moja ikae bandarini si chini ya saa nane.