Prosesa ya seva: ufungaji na utunzaji

Prosesa ya seva ndiyo hufanya hesabu zote za kompyuta inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Katika Kaunti ya Turkana, kuanzia Kakuma hadi Lodwar na Lorugum, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, uhai wake hutegemea ufungaji kuliko kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi, na likizidi hujizima; ndiyo maana mashine ghali iliyofungwa ovyo yaweza kushindwa na ya kawaida. Fundi hulinganisha alama ya pembetatu kwenye prosesa na ile ya soketi, akaiweka bila kuisukuma, kwani pini nyembamba zikipinda huenda ubao mzima ukaharibika. Kisha hupaka krimu ya kupitisha joto, kidogo tu, na kukaza skrubu za kipozajoto kwa mpangilio wa mtengenezaji.

Wapo wasemao kiyoyozi kinatosha. Lakini kiyoyozi hupoza hewa ya chumba. Hakizibi mwanya ulioachwa chini ya kipozajoto wala hakiondoi vumbi lililojaa kwenye mapezi yake, na umeme ukikatika husimama huku seva ikiendelea kwa betri. Kwa hiyo ratiba ya usafi inayofuatwa katika miji ya baridi haifai Turkana: vumbi lipulizwe, feni zikaguliwe na vipimo vya joto visomwe mara nyingi zaidi.