Bomba la Ruvu na Ofisi Zilizopita

Mwaka 1959 maji ya mtambo wa Ruvu Juu, kwenye Mto Ruvu, yalianza kusukumwa kuelekea Dar es Salaam, yakifuata Barabara ya Morogoro hadi matangi ya Kimara. Mtambo wa Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976, bomba lake likapitia upande wa Barabara ya Bagamoyo. Sensa ya 1967 iliwakuta jijini watu takriban 270,000. Ile ya 2012 iliwakuta zaidi ya milioni 4. Nyumba, kuta na lami vikapanda juu ya mabomba.

Ndiyo maana kuziba bomba la mtaani huchukua muda. Fundi hufunga kwanza valvu, na valvu iliyofukiwa na barabara haionekani. Mgao nao huzidisha shida. Maji yakifunguliwa baada ya siku kavu, hewa iliyojaa bombani na kishindo cha maji hulegeza maungio. Yakikatwa, dimbwi hukauka, na fundi hufika asijue pa kuchimba. Muda huo bomba tupu hunyonya uchafu kupitia ufa uleule, kwa hiyo anayecheleweshewa ukarabati hapotezi maji tu. Anahatarisha tumbo la mtoto wake. Wakazi hawangoji: hufunga kipande cha mpira wa baiskeli, kikashika kwa siku chache.

Wenye dhamana ya maji ya jiji, kwa upande wao, walibadilika mara kwa mara. Miaka ya 1980 ilikuwa NUWA, mamlaka ya taifa ya maji mijini, kisha DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, mwaka 1997. Agosti 2003 uendeshaji ukakabidhiwa City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa Kitanzania. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Serikali iliuvunja Mei 2005, na kazi ikapewa shirika la umma, DAWASCO.

Mjadala wa wakati ule ulihusu nani aendeshe, mgeni au mzalendo. Jambo zito zaidi halikupewa uzito wake: DAWASA ilibaki mmiliki wa mabomba na msimamizi wa ujenzi mkubwa, huku mwendeshaji akikusanya ankara na kuziba nyufa. Bomba chakavu lililopasuka kila mwezi lilizibwa na mmoja, lakini kulibadilisha kulimngoja mwingine. Mpaka huo ulidumu hadi 2018, taasisi hizo mbili zilipounganishwa kuwa DAWASA moja, ikirithi mabomba ya vizazi vitatu pamoja na valvu zilizofukiwa.