Ngozi ya Dubu Ilitangulia Pembe za Fahali

Katika vitabu na semina za uwekezaji, maelezo ni yale yale: Waingereza huliita soko linalopanda fahali kwa sababu fahali hushambulia kwa kurusha pembe juu, na linaloshuka huliita dubu kwa sababu dubu hupiga makucha kuelekea chini. Ni maelezo mepesi kukumbuka, ndiyo maana yameenea. Lakini ushahidi wa London ya karne ya 18 hauyaungi mkono. Majina hayo hayakuzaliwa ili kuonyesha bei inaelekea wapi. Yalizaliwa katika biashara ya ahadi, ambamo mtu aliuza asichokuwa nacho au alinunua asichoweza kukilipia, na tofauti hiyo si ndogo.

Tuanze na dubu, maana ndiye aliyetangulia. Waingereza walikuwa na methali iliyoonya dhidi ya kuuza ngozi ya dubu kabla ya kumkamata dubu mwenyewe, onyo lile lile tunalompa mtu anayekata mbeleko na mwana hajazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1700, katika Exchange Alley, uchochoro wa migahawa ya kahawa walimokutana madalali wa London, aliyeuza hisa asizo nazo kwa ahadi ya kuzikabidhi baadaye alisemwa kuwa anauza ngozi ya dubu. Alitumaini bei itashuka kabla siku haijafika, azinunue kwa bei nafuu, amkabidhi mnunuzi na abaki na faida. Mwaka 1709, katika jarida lake la The Tatler, Richard Steele aliwaeleza wasomaji kwamba kuuza dubu ni kukipa thamani halisi kitu cha kufikirika tu. Hapo dubu ni kile kinachouzwa. Si muuzaji, sembuse soko zima. Fahali alijitokeza miaka michache baadaye. Kuporomoka kwa bei ya hisa za kampuni ya South Sea mwaka 1720 kumesimuliwa vya kutosha. Itoshe kusema kwamba majina hayo yalikuwepo kabla yake.

Watetezi wa pembe na makucha wana hoja moja ya kusikilizwa. Wakazi wa London walipenda mchezo katili wa kuwafunga dubu na fahali kisha kuwaachia mbwa, kwa hiyo walikwisha kuzoea kuwataja wanyama hao pamoja. Naam, na huenda ndiyo sababu fahali alichaguliwa kuwa mwenzake dubu. Lakini mchezo huo hauelezi kwa nini dubu aliuzwa kabla hajapatikana.

Shahidi ninayemthamini kuliko wote ni Thomas Mortimer, aliyetoa kitabu Every Man His Own Broker mwaka 1761 ili kumwezesha mtu wa kawaida kununua dhamana za serikali bila kumtegemea dalali. Kwake, fahali ni mtu aliyekubali kununua dhamana bila nia wala uwezo wa kuzilipia, hivyo sharti aziuze kabla siku ya malipo haijamkuta. Dubu ni aliyekubali kuuza nyingi kuliko alizo nazo. Mortimer anachora hata nyuso zao: dubu amekonda na ana macho ya ukali, ilhali fahali ni mzito, amenuna, amejikalia pembeni kwa majonzi. Huyo si mnyama wa matumaini. Ni mdaiwa anayehesabu siku. Desemba ya mwaka huo huo mwandishi Horace Walpole alimwandikia rafiki yake akimuuliza kama anajua fahali, dubu na bata kilema ni nini. Bata kilema alikuwa yule aliyeshindwa kulipa, akaondoka uchochoroni akichechemea. Jina hilo la tatu halina habari yoyote ya bei kupanda wala kushuka. Kinachowaunganisha wote watatu ni deni. Na deni lenyewe halikuwa na mahakama ya kulisimamia, kwa kuwa sheria ya Sir John Barnard ya mwaka 1734 ilikuwa imepiga marufuku mikataba ya namna hiyo. Madalali waliendelea nayo, wakitegemea neno la mtu na jina lake sokoni. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1860.

Kwa hiyo wanaowafundisha wawekezaji wapya, Dar es Salaam na Nairobi, waache pembe na makucha. Waanze na mkataba: nani ameahidi nini, atalipa kwa fedha ipi, na siku gani.