Zana za majaribio ya programu

Zana za majaribio ni programu zinazoendesha programu nyingine kama afanyavyo mtumiaji: hufungua ukurasa, hujaza fomu, hubofya, kisha hulinganisha jibu lililotoka na lililotarajiwa. Kila msimbo unapobadilishwa, jaribio hurudiwa bila mtu kukaa mbele ya kioo.

Nchini Tanzania, Dodoma ni miongoni mwa mahali panapohusika na kazi hii. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha uhandisi wa programu. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, ina makao makuu huko huko. Lakini mifumo ya serikali haiishii mjini. Mkazi wa Busi, kata ya Wilaya ya Kondoa, anapoomba namba ya kumbukumbu ya malipo kwa simu na mtandao ukakatika, asijikute na ankara mbili. Kwa mifumo ya namna hii, kigezo cha kwanza cha kulinganisha zana ni uwezo wa kuigiza mtandao uliokatika. Wepesi wa kujifunza hufuata.

Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004, ndiyo kongwe. Hukubali Java, Python na lugha nyingine kadhaa, na wataalamu wake ni wengi. Ugumu wake ni kusubiri: mwandishi asipoeleza muda wa kungoja kitufe kionekane, jaribio huanguka ingawa programu ni nzima. Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, husubiri yenyewe, na amri moja tu huzima mtandao katikati ya jaribio. Cypress ni nyepesi kwa anayeanza, ila humfunga kwenye JavaScript na TypeScript. Programu za simu zenyewe hupimwa kwa Appium. Kuisimika kunahitaji subira.

Robot Framework inastahili kuangaliwa zaidi na Waswahili. Hatua zake huweza kupewa majina ya Kiswahili, mfano “Jaza Jina la Mlipaji”, hivyo mhasibu asiyejua msimbo akasoma jaribio na kulisahihisha.

Kwa timu ndogo inayoanza na mfumo wa wavuti, Playwright ndiyo chaguo bora. Hata hivyo, hakuna zana kati ya hizi inayoweza kusema kama ujumbe wa kosa umeeleweka. Hilo hupimwa na mtu wa Busi mwenyewe, akiwa na simu yake mkononi.