Tangawizi: hai au kavu?

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alikaribishwa chakula Mogadishu. Katika kumbukumbu zake anataja wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, maembe, na tangawizi mbichi. Mbichi! Wengi tunapita hapo haraka, lakini neno hilo lina kisa.

Tangawizi tunaiita mzizi, kumbe ni shina linalolala chini ya udongo. Lina macho, na linaendelea kupumua hata likiwa kikapuni. Asili yake ni Asia, na kwa kuwa mbegu zake ni nadra mno, hupandwa kwa kipande. Sasa fikiria: iliyokauka inasafiri popote, na Warumi waliinunua karibu miaka 2000 iliyopita, ila ukiipanda haioti. Ili mmea wenyewe uhamie nchi nyingine, lazima mtu aubebe ukiwa hai. Ibn Battuta huyohuyo anasimulia kwamba mabaharia wa meli za Kichina walipanda mboga na tangawizi ndani ya mapipa ya mbao, humohumo melini.

Ipililo, mkoani Simiyu, iko mbali na bahari, lakini hesabu hiyo watu wanaijua kwa viazi vitamu. Vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe. Vikichemshwa kwanza, ni matobolwa. Marando ya msimu ujao yanaachwa hai penye unyevu.

Na tangawizi ya sokoni ni vivyo hivyo. Ukitaka ibaki hai, usiioshe wala kuimenya. Ifukie kwenye mchanga mkavu kivulini. Mfuko wa plastiki uliofungwa unaitoa jasho, halafu ukungu unaingia. Ukitaka kavu, ioshe, ikate vipande vyembamba, anika mpaka vivunjike kwa mlio. Ikikauka inakuwa kali zaidi, maana kemikali yake ya jinjeroli hubadilika kuwa nyingine yenye ukali mkubwa, kwa hiyo punguza kijiko kwenye chai.

Kukausha nusunusu ndiko kubaya. Hapo kuvu wanaotoa sumukuvu wanapata nafasi, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kipande chenye ukungu usikikwangue, kitupe. Kilichochipua jicho kizike kwenye ndoo kuukuu yenye udongo. Baada ya miezi 8 hadi 10 utavuna.