Steringi Hafi? Muulize William Holden

Wasee, kila aliyekulia karibu na kibanda cha video anaijua hii sheria: steringi hafi. Hapa Isebania, na hata ukivuka Sirari, hiyo ni kama katiba. Leo naipinga kwa maisha ya mtu mmoja, William Holden.

Jamaa alizaliwa Illinois, Marekani, 1918, akiitwa William Beedle. Hollywood ikambadilisha jina, na mwaka 1939 filamu ya Golden Boy ikamtoa. Lakini cheki zile zilizomfanya mkubwa. Sunset Boulevard ya 1950 inaanza yeye tayari ni maiti, anaelea kwenye bwawa la kuogelea, na maiti huyo ndiye anatusimulia hadithi! The Bridge on the River Kwai ya 1957, anakufa pale pale mtoni. Katikati hapo alishinda Oscar kwa Stalag 17.

Kenya inaingiaje? Kama matajiri wengi wa enzi hizo, alipenda kuja huku kuwinda. Mwaka 1959 yeye na wenzake wakafungua Mount Kenya Safari Club kule Nanyuki. Baadaye moyo ukageuka. Akaungana na Don Hunt kuanzisha ranchi ya kulinda wanyama, na mpaka leo hapo ndipo wanazalishwa bongo wa mlimani, ambao porini wamebaki wachache mno.

Mwisho wake sasa. Novemba 1981, nyumbani kwake California, akiwa amelewa, aliteleza akagonga kichwa, akavuja damu hadi kufa. Alikuwa peke yake. Mwili ulipatikana siku kadhaa baadaye. Miaka 63, Oscar kabatini, na hakuna wa kumshika mkono.

Kilichomwokoa asisahaulike ni mtu aliyebaki. Mwigizaji Stefanie Powers, aliyekuwa mpenzi wake, alianzisha wakfu kwa jina lake, na kituo chake cha elimu Nanyuki kinafundisha wanafunzi wetu kuhusu wanyamapori.

Hapa ndipo roho inaniuma. Mwaka 1962 Holden aliigiza The Lion, iliyopigwa humu humu Kenya. Aliyeigiza Oriunga, morani anayetaka kumkabili simba, ni Paul Oduor. Mwingine ni Samuel Obiero Romboh. Oduor! Obiero! Taja majina hayo sokoni Migori au Homa Bay uone watu wangapi watageuka. Walisimama mbele ya kamera moja na mshindi wa Oscar, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Holden ameandikiwa vitabu. Wao wameachiwa mstari kwenye orodha ya waigizaji.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: steringi hafi ikiwa tu kuna mtu wa kumsimulia. Simu unayo, bando unayo. Kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kuigiza, kupiga gita au kubeba kamera enzi hizo, kaa naye wikendi hii umrekodi. Muulize alilipwa ngapi. Andika jina lake kamili.